Deni Lililofungiwa Ndani ya Simu

Tarehe 30 Aprili 1975 mji wa Saigon uliangukia mikononi mwa jeshi la Vietnam Kaskazini. Miezi miwili baadaye, tarehe 1 Julai, serikali ya Gough Whitlam kule Australia iliigawa idara yake kongwe ya posta na simu: barua zikaenda Australia Post, simu zikakabidhiwa shirika jipya lililoitwa Telecom Australia. Mambo hayo mawili hayakuhusiana hata kidogo, ila yalikuja kukutana katika kitongoji kimoja. Whitlam alikuwa na nyumba Albert Street, Cabramatta, kiasi cha kilomita 30 kusini-magharibi mwa katikati ya Sydney, katika jimbo la Werriwa aliloliwakilisha bungeni tangu 1952. Na ni Cabramatta hiyo hiyo iliyokuja kuwa makao ya wakimbizi wa Vietnam.

Boti ya kwanza ilifika Darwin Aprili 1976 ikiwa na vijana watano. Wengi waliofuata waliletwa kwa ndege kutoka kambi za Malaysia, Thailand na Hong Kong, wakapokelewa katika hosteli za wahamiaji, zikiwemo za Villawood na Cabramatta. Walipotoka hosteli walipanga nyumba jirani, kwa sababu zile zile zinazomfanya Mkongo wa Uvira aliyehamia Australia leo atafute chumba karibu na wenzake: lugha, soko, na jirani wa kumwachia mtoto. Kufikia 1991, lango kubwa la vigae lilipozinduliwa Freedom Plaza, eneo la John Street lilikuwa limeshabadilika sura. Kulikuwa na samaki, mboga za Kiasia, vitambaa, supu ya pho, na mahali pa kuwatumia ndugu pesa. Mji wa watu wenye ndugu ng'ambo haukosi maduka ya simu, na Cabramatta haikuyakosa.

Meza ya fundi simu ni ile ile popote uendapo. Awe Cabramatta, mtaa wa Aggrey kule Kariakoo au Luthuli Avenue ya Nairobi, utamkuta na bisibisi ndogo, brashi, makava yaliyoning'inizwa ukutani na droo iliyojaa simu za watu ambao hawajarudi kuzichukua. Swali analoletewa kila siku nalo halibadiliki: mbona simu hii haiikubali laini yangu? Fundi hujibu kwa bei. Jibu kamili lingemchukua mchana mzima.

Simu za mkononi za mwanzo hazikuhitaji kufungwa, maana zilizaliwa zimefungwa. Telecom Australia ilipowasha mtandao wake wa analojia Februari 1987, simu ya kubeba ilikuwa na bei inayozidi dola 4,000 za huko, na namba ya mteja iliingizwa ndani ya simu yenyewe. Hapakuwa na laini ya kuchomoa. Zaire ilikuwa bega kwa bega na Australia katika hili, kwa kuwa Miko Rwayitare alikuwa ameshaanzisha Telecel, na wakubwa wa Kinshasa wakatembea na simu za namna hiyo kabla ya wakubwa wa Nairobi au Dar es Salaam. Simu, namba na kampuni vilikuwa kitu kimoja. Tanzania ilikuja kuuonja utaratibu huo baadaye, kampuni za TTCL na Zantel zilipouza simu za teknolojia ya CDMA ambazo nyingi hazikuwa na mahali pa kuweka laini. Ukigombana na kampuni, ulibaki na simu ya kuangalizia saa.

Kilichovitenganisha vitu hivyo vitatu ni GSM, mfumo wa simu wa kidijitali. Tarehe 1 Julai 1991, nchini Finland, aliyekuwa waziri mkuu Harri Holkeri alimpigia Kaarina Suonio wa mji wa Tampere katika mtandao wa kampuni ya Radiolinja. Laini za kwanza, 300 kwa idadi, Radiolinja iliuziwa na kampuni ya Kijerumani ya Giesecke & Devrient. Kuanzia hapo mteja alikaa ndani ya kipande cha plastiki, na simu ikawa chombo tu: toa laini hapa, weka kule, maisha yaendelee. Australia ilikuwa nchi ya kwanza nje ya Ulaya kujiunga na mpango wa GSM, na mwaka 1993 ikawa na mitandao mitatu ya GSM, yaani Telecom, Optus na Vodafone.

Kwa mteja hii ilikuwa neema. Kwa kampuni ilikuwa maumivu ya kichwa.

Kampuni za Australia, kama za Uingereza, zilikuwa na desturi ya kumpa mteja simu kwa bei ya kutupa au bila senti moja, kisha kumwekea mkataba wa miezi 18 au 24. Simu haikuwa ya bure. Bei yake ilikatwakatwa na kuingizwa katika bili za kila mwezi. Huyo wa mkataba angalau alikuwa ametia saini, na akikimbia kuna mahali pa kumtafuta. Balaa lilikuwa simu za vocha. Kampuni iliuza simu chini ya gharama, ikitarajia kurudisha hasara pole pole kwa vocha ambazo mnunuzi ataendelea kuziweka. Sasa chukua mfanyabiashara mwenye jicho: ananunua simu 50, anatupa laini zote, anazisafirisha hadi Hanoi au Dubai na kuziuza kwa bei yake halisi. Hajaiba chochote. Aliyeumia ni kampuni.

Ndipo kufuli likawekwa. Wengi hudhani liliwekwa kwa ajili ya wezi, lakini kazi yake tangu mwanzo ni kulinda mkopo ambao mteja mara nyingi hakuambiwa kwamba ni mkopo. Ukilitazama hivyo, mambo mengi yaliyofuata yanaeleweka.

Ufundi wake wala si wa kutisha. Kila laini ina namba ya ndani, tofauti na ile unayowapa marafiki, na tarakimu zake za mwanzo hutaja nchi na kampuni. Australia ni 505: Telstra, jina jipya la Telecom, ni 505 01, Optus ni 505 02, Vodafone ni 505 03. Kenya ni 639, na Safaricom ni 639 02. Tanzania ni 640, na Vodacom ni 640 04. Simu iliyofungwa imehifadhi ndani yake mtandao inaoruhusiwa. Ukiiwasha inaisoma laini, inalinganisha, na isipoona inachokitafuta inagoma na kudai msimbo. Viwango vya GSM viliruhusu kufunga kwa ngazi tano. Simu inaweza kufungiwa mtandao mzima, sehemu ya mtandao, muuzaji wa huduma, kampuni inayomwajiri mtumiaji, hata laini moja peke yake.

Msimbo ndio uliozaa biashara. Katika simu za Nokia za miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzo wa 2000, ulipatikana kwa hesabu iliyotumia mambo mawili, namba ya mtandao na IMEI, ile namba ya tarakimu 15 inayoonekana ukibonyeza *#06#. Hesabu hiyo ilikusudiwa kubaki siri. Haikubaki. Programu za kuikokotoa zilisambaa duniani, na fundi mwenye kompyuta chakavu akaweza kufanya kilichokuwa kikifanywa na ofisi ya kampuni kwa ada. Kuuingiza msimbo kulihitaji vidole vilivyozoea. Ulianza na alama ya reli, kisha herufi p na w ambazo hazikuandikwa kwenye kitufe chochote. Nyota mara mbili ilileta alama ya kujumlisha, mara tatu ikaleta p, mara nne w. Zikafuata tarakimu, halafu +1#. Nafasi zilikuwa tano. Ukizimaliza kwa kukosea, simu ilikataa msimbo wowote, hata ulio sahihi, na hapo ikabidi ifungwe nyaya hadi kwenye kompyuta. Ndiyo maana mteja mjuaji, aliyejaribu mwenyewe nyumbani, alitozwa zaidi ya yule aliyekuja moja kwa moja.

Katika miaka hiyo hiyo Cabramatta ilikuwa ikitajwa magazetini kwa mambo mengine. Septemba 1994 mbunge wa jimbo hilo katika bunge la New South Wales, John Newman, alipigwa risasi nje ya nyumba yake, na mwaka 2001 mwanasiasa wa huko Phuong Ngo alitiwa hatiani kwa kuyapanga mauaji hayo. Rekodi za simu ya mkononi zilikuwa sehemu ya ushahidi. Wenyeji wamechoka kuulizwa habari hizo, na wana haki. Nazitaja kwa sababu moja: mapema kabisa mtaa huu ulifahamu kwamba simu iliyo mfukoni mwako kuna mtu mwingine anaijua, na kwamba inamtii yeye pia.

Afrika Mashariki ilikutana na kufuli kwa njia tofauti. Huku mtu alinunua simu kwa fedha taslimu na kuweka vocha, hivyo hapakuwa na mkopo wa kulinda. Simu ikawa yake tangu dukani, na punde akataka yenye nafasi ya laini mbili. Kufuli lililetwa na shangazi. Shangazi wa London au Minneapolis alimletea mpwa wake simu nzuri, mpya kwenye boksi lake, na mpwa alipoweka laini ya Tigo au ya Safaricom kioo kikadai msimbo. Kumbe ilikuwa ya mkataba wa Ulaya au Marekani, na deni lake lilikuwa limesafiri nayo hadi Tanga. Baadaye kampuni za hapa nazo zikauza vifaa vya bei nafuu vilivyofungiwa mtandao wao. Wengi watazikumbuka modemu za Huawei za kuchomeka kwenye kompyuta, zenye nembo ya kampuni ya simu mgongoni. Hizo zilikuwa na nafasi kumi, na msimbo wake nao ulikokotolewa kutokana na IMEI. Wanafunzi wa vyuo walifunguliana mabwenini kwa bei ya soda.

Halafu ikaja iPhone. Marekani iliuzwa kuanzia tarehe 29 Juni 2007 ikiwa imefungiwa AT&T peke yake. Kabla ya mwisho wa Agosti kijana wa miaka 17 kutoka New Jersey, George Hotz, alikuwa ameifungua kwa kuchokonoa saketi, na moja ya simu alizozifungua akaibadilisha kwa gari aina ya Nissan 350Z na iPhone tatu mpya. Australia iliipata simu hiyo tarehe 11 Julai 2008, na huko haikuwa ya kampuni moja: Telstra, Optus na Vodafone ziliiuza siku moja. Ushindani huo ulimsaidia mteja kuliko ufundi wa Hotz. Kwa jumla, simu za mkataba za Australia siku hizi huuzwa zikiwa wazi, na kufuli limebaki zaidi kwenye simu za bei ya chini za vocha, zile anazonunua mtu aliyeshuka ndege juzi.

Marekani walilifikisha jambo hili hadi ikulu. Kuanzia tarehe 26 Januari 2013 kufungua simu mpya bila idhini ya kampuni kulikuwa kuvunja sheria ya hakimiliki, watu zaidi ya 114,000 wakatia saini kupinga, na Agosti 2014 rais alisaini sheria ya kuliruhusu. Canada iliamuru simu ziuzwe wazi kuanzia Desemba 2017. Uingereza ilipiga marufuku kuuza simu zilizofungwa kuanzia Desemba 2021.

Vietnam ilikuwa na dawa yake. Maduka ya Hanoi na ya Ho Chi Minh yalijaa iPhone za Marekani na Japani zilizofungwa, zikiuzwa kwa bei ya chini pamoja na kijikaratasi cha saketi, chembamba kama ganda la kitunguu, kinachobandikwa juu ya laini. Simu ikiuliza laini ni ya nani, kile kijikaratasi ndicho kinachojibu, nacho husema uongo: hutaja namba ya kampuni inayotakiwa, kisha kinakaa pembeni na kuiacha laini halisi ifanye kazi. Kila Apple ilipotoa programu mpya ya simu, maelfu ya simu zilikatika siku hiyo hiyo, na mafundi wakatafuta uongo mwingine. Nami huona huu si ufunguzi hata kidogo. Kufuli liko pale pale, limehadaiwa tu, na mnunuzi anayeuziwa simu ya namna hiyo bila kuambiwa ameibiwa.

Kuna kufungwa kwingine kunakochanganywa na huku, na mtu akikosea huenda akamlipa fundi bure. Usiku wa tarehe 30 Septemba 2012 Tume ya Mawasiliano ya Kenya ilizima simu bandia zipatazo milioni 1.89. Tanzania ilifuata Juni 2016, baada ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, kuwataka wananchi watume IMEI zao kwenda 15090 ili wajue simu zao ni halali au la. Simu hizo hazikuwa na kufuli la kampuni. IMEI zake ndizo zilizokataliwa, na mitandao yote ikazifungia mlango. Australia nayo, tangu 2003, kampuni zake hushirikiana kuzizuia simu zilizoripotiwa kuibwa au kupotea. Msimbo hauiponyi simu ya aina hiyo. Fundi anayeahidi kuibadilisha IMEI anakualika kwenye kosa la jinai, kwa sheria za Australia.

Na sasa kupo kufungwa kwa tatu, nako kumewaumiza zaidi wahamiaji. Australia ilianza kuzima mitandao ya zamani mmoja baada ya mwingine. Telstra ilifunga CDMA tarehe 28 Aprili 2008, na 2G tarehe 1 Desemba 2016, ndipo visimu vya tochi vilivyoletwa kutoka kambini vikaanza kuwa vitu vya kumbukumbu. Vodafone ilianza kuzima 3G Desemba 2023. Telstra na Optus ziliahirisha, mwishowe zikaanza tarehe 28 Oktoba 2024. Tatizo lilikuwa namba ya dharura, 000. Kulikuwa na simu zilizopata intaneti ya 4G vizuri kabisa lakini zikategemea 3G kupiga simu za sauti, au zilipiga simu za kawaida kwa 4G na kushindwa kuipata 000. Serikali ikaagiza kampuni zisizihudumie simu zisizoweza kufika 000. Mtu alituma tarakimu 3 kwenda 3498 akajibiwa kama simu yake imo hatarini.

Hapo ndipo simu nyingi za Dubai, Nairobi na Guangzhou zilipoumbuka. Hazikuwa na kufuli la kampuni yoyote, mwenyewe alizilipia hadi shilingi ya mwisho, zingine hazikuwa na umri wa miaka mitatu, lakini programu yake ya sauti haikutengenezwa kwa ajili ya mitandao ya Australia. Kampuni ikiiangalia IMEI, inaiona ni ya toleo lisilotambuliwa, inaikata. Siwezi kulaumu lengo lake, kwa kuwa simu isiyoweza kuita gari la wagonjwa ni hatari kwa mwenye nayo. Ninachokilaumu ni kwamba gharama ya usalama huo ilimwangukia yule yule mwenye uwezo mdogo.

Wakati huo huo, kwetu kufuli limerudi likiwa na uso wazi. Julai 2020 Safaricom na Google walizindua Lipa Mdogo Mdogo: ulitanguliza shilingi 1,000, kisha ukalipa shilingi 20 kila siku kwa miezi tisa, na usipolipa simu ilijifunga mpaka ulipe. Kampuni ya M-KOPA nayo inauza simu kwa mtindo huo huo. Zipo lawama juu ya bei ya jumla mtu anayokuja kuilipa, na lawama hizo ni za haki. Ila kufuli hili lina ukweli ambao la Australia halikuwa nao. Mkopaji anajua kwamba amekopa, anajua anadaiwa kiasi gani, na anajua siku ambayo simu itakuwa yake.

Anayetaka kununua simu iliyotumika, awe Cabramatta au Kariakoo, kabla hajatoa pesa, achomoe laini yake na kuiweka humo muuzaji akiangalia, apige, apokee. Simu ikidai msimbo, imefungwa. Kwenye iPhone za kuanzia programu ya iOS 14 kuna sehemu ndani ya mipangilio, kwenye maelezo ya simu, inayosema wazi kama kuna kizuizi cha laini au hakuna. Abonyeze *#06# na kulinganisha IMEI na ile ya kwenye boksi. Achungulie pia kitako cha laini, asije akakuta kijikaratasi. Na kama simu imefungwa kweli, pa kuanzia ni kampuni iliyoiuza, hasa kwa simu za kisasa ambazo ufunguo wake haumo tena ndani ya simu. Kwa iPhone, kampuni huipelekea Apple IMEI, rekodi ikibadilishwa simu inafunguka yenyewe ikipata intaneti. Hakuna hesabu ya fundi inayofika huko.

Australia haijapiga marufuku kufuli hizi kama Uingereza. Ada na masharti ya kufungua bado huamuliwa na kila kampuni. Mteja aliyekwisha kutimiza masharti na bado anazungushwa anaweza kupeleka lalamiko kwa Telecommunications Industry Ombudsman, chombo cha usuluhishi kilichoanza kazi 1993, ambacho hakimtozi mteja chochote. Asiyejimudu kwa Kiingereza apige kwanza 131 450, huduma ya taifa ya wakalimani wa simu iliyoanza mwaka 1973, aombe mkalimani wa Kiswahili.